Mume wangu haoni vizuri na bado anaendesha. Nijifunze udereva au tuuze gari?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 44, mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma. Tunaishi Nzuguni na shuleni nakwenda kwa miguu. Mume wangu ana miaka 52, ni mtumishi wa Serikali, ofisi yao iko Mtumba. Tulihamia huku mwaka 2019 ofisi ilipotoka Dar es Salaam, tukajenga, tunamshukuru Mungu. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko chuo Iringa na mdogo yuko bweni Morogoro.

Gari tunalo, Toyota Noah. Mume wangu ndiye dereva pekee wa nyumba hii, na kusema kweli ndiye dereva wa ukoo wao wote. Kwao ni Mvumi. Jumapili tukitoka kanisani tunakwenda kumwona mama mkwe, na wakati wa kurudi gari linajaa mawifi, watoto wao na viroba. Akiugua mtu wanapiga simu kwetu. Ukitokea msiba wanapiga simu kwetu. Sijawahi kulalamika, maana mwenyewe anafurahia.

Mwaka jana alianza kujigongagonga. Anajikwaa kizingitini, anampita mtu anayemjua bila kumsalimia mpaka watu wakasema ana maringo. Gari nalo likaanza kupata mikwaruzo upande wa kushoto. Nilimbana mpaka tukaenda hospitali, tukaambiwa ana presha ya macho na jicho la kushoto limeharibika sana. Akapewa matone. Tangu hapo hajaacha kuendesha. Anasema mbele anaona vizuri, hata namba ya gari lililo mbali anaisoma, kwa hiyo daktari anamtisha tu.

Shangazi, mimi ndiye ninayekaa naye mbele, nimekuwa macho yake. "Boda kushoto." "Kuna mtoto." "Subiri, lori hilo." Hivi karibuni alinipitia mjini jioni, tukawa tunarudi, boda akatokea upande wangu. Nilipiga kelele, akafunga breki, tukamkosa padogo sana. Kijana akatutukana, mume wangu akamwambia yeye ndiye kachomekea. Hakuchomekea, Shangazi. Nilimwona tangu mbali.

Sasa familia imejua kuna shida ya macho, ila hawajui ukubwa wake. Mawifi wana jibu moja tu, nijifunze mimi. Wanasema wanawake wote wa mjini siku hizi wanaendesha, mimi naogopa nini. Mume wangu anasema atanifundisha mwenyewe. Hawajui kwamba nikiwa kidato cha tatu basi nililopanda lilipinduka, na mpaka leo nikisikia lori linakuja nyuma viganja vinalowa jasho. Mwaka jana nilikwenda kimya kimya nikalipia leseni ya lena. Ikaisha muda wake sijagusa usukani, na hakuna aliyejua.

Upande mwingine nawaza tuuze gari, tuishi kwa daladala na bajaji kama majirani zetu wengi. Nikimgusia hilo anasema nataka kumfanya kilema kabla ya siku zake. Nijilazimishe nijifunze, au nishikilie msimamo tuishi bila gari?

Mama wa Wawili, Nzuguni

*

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza mambo mawili na yote nitayajibu. Lakini lipo la tatu ambalo hukuliuliza, na hilo haliwezi kungoja: mume wako asiendeshe tena. Usisubiri mpaka wewe upate leseni wala mpaka mpate mnunuzi wa gari. Liwe limekwisha wiki hii.

Najua utaulizwa sababu, kwa hiyo nikupe maneno ya kusema. Sisi wa Dodoma tumezoea ugonjwa wa macho unaoonekana. Vikope tumeviona kwa bibi zetu, Kongwa, Bahi, Mvumi yenyewe: jicho linawasha, linatoa tongotongo, kope zinageukia ndani na kukwaruza mboni. Presha ya macho haina dalili hata moja kati ya hizo. Mara nyingi haiumi, na ukimtazama mtu usoni jicho ni zima. Kinachoharibika ni mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kwa kawaida uharibifu huanzia pembeni. Katikati panaweza kubaki safi kwa miaka. Ndiyo maana anaisoma ile namba ya gari, na hakudanganyi. Tena pale asipopaona haoni giza wala doa jeusi. Ubongo unajaza pengo hilo wenyewe, unamwonyesha barabara tupu. Yule kijana wa boda, kwa macho ya mume wako, hakuwapo kabisa mpaka alipofika mbele ya gari. Aliposema amechomekewa alikuwa anaeleza alichokiona. Usimbishie kwa hilo, maana mtagombana juu ya ukweli ambao kila mmoja wenu ameuona kwa namna yake. Na wale anaowapita bila salamu ni habari hiyo hiyo.

Sasa itazame barabara anayopita. Mtumba iko mashariki ya mji, na Nzuguni iko katikati ya mji na Mtumba. Asubuhi akienda kazini jua linamchoma usoni, jioni akirudi linamchoma tena usoni, na mwanga mkali ni adui wa jicho lenye ugonjwa huo. Ni barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam. Kuna malori ya kwenda Singida, Rwanda na Burundi, kuna mabasi yanayoingia na kutoka stendi ya Nanenane, kuna bajaji zinazosimama popote abiria anaponyoosha mkono. Hatari nyingi za barabara ya namna hiyo zinatokea ubavuni, na ubavuni ndipo mume wako hapaoni.

Wewe unajitahidi kumwonea. Lakini gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, linakula karibu mita 14 kwa kila sekunde. Uone, useme, asikie, aelewe, ndipo akanyage. Sekunde mbili zikipita mmeshasogea karibu mita 28. Wewe tayari unaendesha gari hilo, mwanangu, ila mguu wako hauko kwenye breki. Na kuna jambo jingine litakuuma: kukaa kwako pale mbele ndiko kunakomfanya aamini kwamba bado anaona. Kila ulipomwambia "boda kushoto" akamkwepa, aliandika moyoni kwamba amemwona mwenyewe. Kwa hiyo acha kupanda gari akiwa anaendesha yeye. Mwambie leo, kwa upole, tena mkiwa wawili tu.

Usilianzishe mbele ya mawifi, na usilianzishe ndani ya gari. Mwombe mwende tena kliniki, na mkifika ombeni apimwe upana wa kuona. Ni kipimo cha kutazama nukta moja katikati huku taa ndogo zikiwaka pembeni, unabonyeza kila unapoiona. Majibu yake hutoka kama ramani ya jicho, sehemu zisizoona zinaonekana wazi kwenye karatasi. Mwanaume anayesoma namba ya gari lililo mbali hataamini maneno ya mkewe, lakini ramani hiyo itampa shida kuibishia. Kisha muulize daktari mbele yake, kwa sauti: "Daktari, huyu anaruhusiwa kuendesha?" Mwache daktari ajibu, wewe nyamaza.

Akirudi nyumbani amenuna, mvumilie. Huyu ni mtu ambaye ukoo mzima ukipatwa na jambo unapiga simu kwake. Akiuweka ufunguo mezani anahisi ameweka na nafasi yake kwa mama yake na dada zake. Zaidi ya hapo ameambiwa kwamba alichopoteza jichoni hakitarudi, na kwamba matone kazi yake ni kulinda kilichobaki. Hicho ni kilio, na sijaona mahali kwenye barua yako palipoandikwa kwamba kuna mtu amekaa naye akamlilia. Kaa naye. Halafu hakikisha matone anayaweka kila siku kwa saa zilizopangwa, maana watu wengi huyaacha kwa kuwa jicho haliumi na wakiyaweka hawaoni nafuu yoyote. Nafuu yake ni kutokupofuka.

Akikataa katakata, nenda kwa mkubwa wa familia yao anayemheshimu, kaka au baba mdogo, ukiwa na karatasi ya hospitali mkononi. Ufunguo ufiche ikibidi. Wapo watakaosema umemvunjia mume heshima. Wakiyasema hayo, wakumbushe kwamba yule kijana wa boda naye ana mama yake.

Hayo yakishatulia ndipo tuje kwenye maswali yako.

Je, ujifunze? Barua yako nimeisoma mara ya pili kwa sababu ya mstari mmoja, ule wa leseni ya lena. Mtu asiyetaka kabisa kuendesha haendi kwa siri kulipia leseni ya kujifunzia. Wakati ule hakuna wifi aliyekuwa amekwambia, ulikwenda mwenyewe. Kwa hiyo mimi naona unataka, ila unaogopa malori, na sasa wamekuja watu kukusukuma kwa sababu zao mpaka hamu yako mwenyewe imefunikwa. Woga wako una asili yake na hauna aibu. Basi lile lilipopinduka ulikuwa abiria, hukuwa na lolote la kufanya ila kushika kiti. Dereva anapata nafasi ya kupunguza mwendo, ya kumwachia lori lipite, ya kusimama pembeni mpaka moyo utulie. Nimewaona wanawake wa umri wako walioanza wakitetemeka, na kilichowatoa ni kupata mwalimu asiyefoka pamoja na kwenda taratibu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ujifunze. Lakini usijifunze sasa hivi, usifundishwe na mume wako, na usikubali kurithi kazi yake ya kubeba ukoo.

Nianze na mwalimu. Anayekaa pembeni ya mwanafunzi lazima aone kile ambacho mwanafunzi hajakiona. Mume wako hawezi tena, na kwa hali ya ndoa yenu kwa sasa, kila gari litakapozima mtabebana na maneno mpaka usiku. Nenda VETA au shule ya udereva iliyosajiliwa, yenye gari ambalo mwalimu ana breki upande wake. Siku ya kwanza mweleze habari ya basi, usione haya. Mwombe muanzie kwenye barabara za mitaa iliyopimwa, kama Iyumbu au Area D, ambako ni pana na asubuhi za mwisho wa wiki hazina msongamano. Kipilefti na barabara kuu vifuate baadaye, malori yawe ya mwisho. Ukiona mwalimu anakukimbiza kwenye lami kuu siku za mwanzo ili amalize haraka, badilisha mwalimu.

Wakati mzuri kwako ni likizo ya Juni. Shule mmefunga, mvua zimekata, barabara za vumbi hazitelezi na makorongo hayana maji. Leseni ya lena, kama ulivyokwisha kuona, ni ya miezi mitatu na ada yake ni shilingi 10,000, kwa hiyo ilipie ukiwa umeshapanga na shule siku ya kuanza. Ukihitimu unapata cheti cha shule, unapimwa na polisi wa usalama barabarani, kisha unalipia leseni TRA. Tangu mwaka 2019 leseni hiyo ni ya miaka mitano kwa shilingi 70,000. Ukishaipata hakuna anayekulazimisha uwe na gari. Inakaa kwenye pochi yako, na siku mtoto akihitaji kukimbizwa hospitali usiku unaweza kuomba gari la jirani.

Kwa sasa ishini bila gari. Nimewaza mazingira yenu, na nadhani hamtaumia kama mnavyoogopa. Wewe kazini unakwenda kwa miguu. Yeye ofisi yake na nyumba yake viko kwenye barabara moja yenye daladala, na lazima wapo wenzake wa ofisini wanaopita Nzuguni kila siku. Achangie mafuta apande na mmoja wao, jambo hilo ni la kawaida kule Mtumba na halina unyonge. Mtoto wa Morogoro ana treni ya SGR, ambayo tangu 2024 inafika Dodoma, hata safari ya kumpeleka shule haihitaji tena Noah. Wa Iringa ni mtu mzima, atapanda basi.

Pesa nayo itaonekana. Chukulia petroli ni shilingi 3,000 kwa lita, na Noah yenu inakwenda kama kilomita kumi kwa lita. Nyumbani mpaka Mtumba na kurudi ni kama kilomita 20, yaani lita mbili kila siku ya kazi, ambazo kwa mwezi ni zaidi ya shilingi 130,000. Mvumi na kurudi ni kama kilomita 80, hiyo ni shilingi 24,000 kwa Jumapili moja. Hapo sijagusa bima, kumwaga oili, tairi wala fundi. Hesabu hiyo mkae mwifanye wawili.

Kuna magumu yake, sitakuficha. Mtanyeshewa. Vumbi la Agosti mtalila kituoni. Kuna siku daladala imejaa na konda anawaambia sogeeni nyuma wakati nyuma hakuna pa kusogea. Lakini kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni mume wako anapovuka barabara. Jicho lisiloona pembeni kwenye gari halioni pembeni hata kwa miguu. Asishuke ng'ambo ya pili jioni akavuka peke yake. Avuke kwenye zebra akiwa na watu, ageuze kichwa chote kulia na kushoto, na yule mwenzake wa ofisini amshushe upande wa nyumbani hata kama ni kuzunguka kidogo. Boda aiache, apande bajaji. Tafuteni dereva mmoja wa bajaji na mmoja wa teksi mnaowaamini pale mtaani, mpatane nao mapema bei ya usiku, namba zao zibandikwe ukutani.

Noah iuzeni. Ninajua hilo ndilo gumu kwake, na ndiyo maana nataka aliuze yeye mwenyewe. Atafute mnunuzi yeye, apatane yeye, aende TRA kuhakikisha umiliki umehamishwa, kwa sababu bila hivyo faini za trafiki za mtu mwingine zitaendelea kusoma jina lake. Msiliegeshe uani kwa kuliangalia. Gari lisilotembea linaua betri na tairi, na kwa mwanaume aliyezoea usukani kila jioni litakuwa linamwita. Tena Noah ina viti ambavyo ukoo umeshavizoea. Ukipata leseni yako na ukaja kutaka gari, nunua dogo, la injini ndogo, ujifunze mji nalo. Na uwaambie mawifi mapema, kabla hata hujaanza shule: utaendesha mchana, utaendesha ukiwa umelala vizuri, na safari za msiba usiku kwenda kijijini huna. Ukikaa kimya sasa, kukataa baadaye kutakuwa ugomvi.

Jumapili ijayo pandeni gari la abiria mwende Mvumi kama kawaida, mama asione mmemtupa. Mkifika, mwache mume wako awaambie ndugu zake kwa kinywa chake mwenyewe kwamba ana presha ya macho, na awaambie kwamba ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa wako kwenye hatari kubwa kuliko watu wengine, na sisi Waafrika hutupata mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Hao mawifi wanaokuhimiza ujifunze wakapimwe macho, hata kama wanaona vizuri na hawana maumivu yoyote. Hospitali ya Mvumi iko pale pale kwao, na kwa huduma ya macho inajulikana mkoa mzima. Watoto wenu wawili nao wapimwe wakija likizo.